Waya Mrefu wa Mpiga Mbizi

Mpiga mbizi anayefanya kazi gizani hupata mwanga kwa njia mbili. Ya kwanza ni tochi yenye betri yake ndani, anayoishika mkononi au kuifunga kwenye kofia. Ya pili ni taa isiyo na betri: umeme hubaki juu, kwenye boti au ukingoni, na taa huupata kwa waya unaoteremka pamoja na mtu. Tangu taa za LED na betri za lithiamu zienee, tochi imekuwa nyepesi na nzuri, na anayezama nusu saa kutazama samaki hana sababu ya kuhangaika na waya. Lakini kazi za chini ya maji mara nyingi si za nusu saa. Kuchomelea bomba, kukagua nguzo za daraja, kusafisha lango la bwawa, ni shughuli za saa nyingi kwa siku nyingi, na betri inapokwisha katikati humwacha mtu mahali ambapo hata mkono wake mwenyewe haoni.

Mashariki ya Kongo kazi ya namna hiyo ipo, na inajulikana. Kituo cha umeme cha Ruzizi I, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 karibu na mahali ambapo ziwa Kivu linaumwagia maji mto Ruzizi, kina uwezo wa megawati 29.8. Kila mvua inaponyesha, chupa na mifuko ya plastiki huteremka kutoka vilima vya Bukavu hadi ziwani, na ziwa huzisukumia bwawani. Taka zinazoelea huondolewa kutoka juu. Zilizozama huganda kwenye vyuma vya kuchujia maji mbele ya mitambo, na hapo hapatoshi koleo wala boti: mtu huzama, huzivuta kwa mikono, hupanda, huzama tena. Asipofanya hivyo mashine hukosa maji na sehemu ya mji hukosa umeme. Kwa hiyo kuna watu wanaofanya kazi kwenye maji ya kiza, hatua chache tu kutoka kwenye mashine zinazoiwashia taa Bukavu.

Giza la majini si sawa na giza la usiku. Hata mchana, hata katika maji maangavu kama ya ziwa Tanganyika, mwanga wa jua haushuki wote. Rangi nyekundu hutangulia kupotea, na mita tano hadi kumi za maji zinatosha kuimaliza karibu yote. Machungwa na njano hufuata. Mpiga mbizi akijikata kidole kwenye mita 20, damu yake huonekana kijani iliyoiva au nyeusi. Taa aliyoishika karibu na kitu humrudishia rangi, kwa sababu mwanga wake haujasafiri mbali majini. Ndiyo maana hata katika maji meupe wakaguzi wa vyuma huchukua taa: kutu na rangi iliyobambuka hazitofautiani bila wekundu.

Tatizo la taa ya waya liko kwenye urefu wa waya wenyewe kuliko kwenye maji. Katika mji kama Mangina, kilomita zipatazo 30 magharibi ya Beni kwenye barabara ya Mambasa, jambo hili halihitaji kitabu. Mwenye jenereta akivuta waya hadi kwa jirani, na jirani akauendeleza hadi kwa jirani yake, taa ya nyumba ya kwanza hung'aa, ya tatu hufifia, na ya mwisho hubaki nyekundu kama kaa. Anayekaa mwisho wa laini humlaumu mwenye jenereta, lakini mara nyingi mwizi ni waya. Kila mita ya shaba ina ukinzani kidogo, na umeme unaopita humo huacha sehemu ya nguvu yake njiani kama joto. Waya mwembamba hula zaidi, mrefu hula zaidi, na mkondo mkubwa hula zaidi kuliko yote, kwa maana mkondo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopotea huongezeka mara nne.

Hesabu yake ni fupi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.0175 hivi kwa kila mita. Chukua taa ya LED ya wati 60 iliyo umbali wa mita 50, kwa waya wa milimita za mraba 1.5, ule unaotumika sana kwa taa za nyumbani. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 100, si 50. Kosa la kusahau safari ya kurudi ni la kila siku, hata kwa mafundi. Ukinzani wa njia hiyo ni omu 1.17. Betri ya gari ina volti 12, na taa ya wati 60 kwa volti 12 inataka ampia 5. Ampia 5 zikipita kwenye omu 1.17 huacha volti 5.8 njiani. Taa inapata volti 6 na kidogo.

Kwa taa ya zamani, yenye uzi unaowaka, maana yake ni mwanga hafifu, na hafifu kuliko mtu anavyodhani. Taa ya halojeni ikipungukiwa asilimia 10 ya volti hupoteza asilimia 30 hivi ya mwanga. Kwa taa ya LED mambo huenda kwa namna nyingine, na mara nyingi huwashangaza wanaoijaribu. LED nzuri haipokei umeme moja kwa moja. Ndani yake mna saketi inayohakikisha kwamba wati ni zilezile hata volti zikibadilika. Volti zikishuka, saketi huvuta ampia zaidi ili ifidie. Ampia zikiongezeka, waya hula volti zaidi. Volti zikizidi kushuka, saketi huvuta zaidi tena, mpaka inazidiwa na kujizima. Ikishajizima, mkondo hukoma, volti hurudi kamili, saketi huona mambo ni mazuri na kuwaka upya. Matokeo ni taa inayopepesa bila kukoma, na fundi aliye juu anabadilisha taa tatu kabla ya kushuku waya. Kwa mfano uliotajwa, nguvu kubwa kuliko zote ambayo betri ya volti 12 inaweza kufikisha upande wa pili wa waya ule ni wati 31 hivi, taa iwe ya aina gani. Wati 60 hazifiki kamwe.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni kunenepesha waya. Kwa milimita za mraba 10, taa ileile ya volti 12 hupungukiwa chini ya volti moja tu, nayo huwaka vizuri. Lakini shaba ya waya huo pekee, kwa mita 50 kwenda na 50 kurudi, ina uzito wa kilo 9, kabla ya kuhesabu mpira unaoifunika. Mtu anayeburuta mzigo huo majini hafanyi kazi nyingine.

Njia ya pili ni kupandisha volti. Wati 60 zilezile kwa volti 24 zinahitaji chini ya ampia 3, na waya wa 1.5 sasa hula volti 3.4, kiasi ambacho LED inastahimili. Kwa volti 48 hasara ni volti moja na nusu tu. Kwa volti 230 za jenereta hasara haionekani hata kwa kipimo cha kawaida. Ndiyo sababu pampu ya kisima kirefu hupelekewa volti 230 au 400 mita mia moja chini ya ardhi kwa waya usio mnene, na inafanya kazi miaka mingi. Lakini kisimani hakuna mtu.

Njia ya tatu, kupunguza wati, ndiyo iliyobadilisha mambo kimyakimya. Halojeni ilitoa lumeni 15 hadi 20 za mwanga kwa kila wati. LED ya kawaida hutoa 100 na zaidi. Kazi iliyodai taa ya wati 300 zamani inafanywa na ya wati 50 leo, na kwa hiyo waya ambao zamani haukuwezekana leo unawezekana. Ukichanganya njia zote tatu kwa kiasi, unapata mpango ambao fundi wa karakana yoyote ya Butembo anaweza kuukusanya: LED ya wati 60 ya volti 24, betri mbili za lori zilizounganishwa mfululizo, na waya wa milimita za mraba 4. Kwa mita 50 upungufu ni volti 1.15, shaba ni kilo tatu na nusu, na betri mbili za ampia-saa 100, zikitumiwa nusu tu ili zisiharibike, zinawasha taa hiyo saa 19 hivi. Hakuna tochi ya mkononi inayokaribia hapo.

Kwenye karatasi, waya wa 4 ni waya wa 4. Sokoni sivyo. Butembo ni mji wa wafanyabiashara wanaonunua Dubai na Guangzhou, na maduka yake yana waya wa kila bei. Waya wa bei ya chini huwa na moja ya dosari mbili, au zote. Unene uliochapwa kwenye mpira ni mkubwa kuliko wa chuma kilicho ndani. Na chuma chenyewe si shaba bali ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Alumini ina ukinzani unaozidi wa shaba kwa mara moja na nusu na ushei. Kuitambua ni rahisi: menya mpira kidogo, kwaruza uzi mmoja kwa ncha ya kisu. Shaba huwa nyekundu hadi ndani. Alumini hung'aa nyeupe baada ya mkwaruzo wa kwanza, na uzi wake hukatika ukikunjwa mara chache. Nyumbani waya huo ni hasara. Majini ni ubovu unaosubiri siku yake, kwa sababu maji yakipenya kwenye mchubuko mmoja, alumini iliyogusana na shaba huoza haraka na kubaki unga mweupe ndani ya mpira unaoonekana mzima.

Mpira nao una lake. Plastiki ngumu ya waya wa nyumbani haipendi kukunjwa mara mia wala kusuguliwa na mawe. Kinachofaa ni kebo laini ya mpira, yenye nyuzi nyingi nyembamba ndani. Iliyo rahisi kupatikana Afrika Mashariki ni kebo ya pampu za kuzamisha, ambayo imetengenezwa ikae majini daima. Huzama yenyewe, na hilo ni jema au baya kulingana na mahali: chini ya boti iliyotia nanga hunyooka vizuri, lakini kwenye sakafu ya ziwa yenye miamba hujipenyeza kwenye nyufa na kunasa. Wengine huifungia vipande vya povu kila mita chache ili ielee kidogo.

Kisha kuna shinikizo. Kila mita 10 za maji huongeza kilo moja hivi ya msukumo kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo kwenye mita 50 maji yanasukuma kila tundu kwa kilo 5 zaidi ya hewa iliyomo ndani ya taa. Mahali dhaifu si kioo, ni pale waya unapoingilia. Huko hutumika shingo ya kubana: pete ya mpira laini inayominywa na nati mpaka ikumbatie kebo pande zote. Kebo bapa ya pampu, kwa mfano, haibanwi vizuri na shingo ya tundu la mviringo, na wengi wameijua kweli hiyo kwa kukuta taa imejaa maji. Hata shingo ikiwa kamili, maji yana mlango wa nyuma. Mpira ukichubuka popote, maji huingia katikati ya nyuzi za shaba na kusafiri ndani ya kebo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, hadi ndani ya taa ambayo nje yake ni kavu. Mafundi waangalifu huyeyusha risasi ya kulehemu kwenye kipande kifupi cha waya uliomenywa, kisha hukizungushia gundi ngumu ya epoksi, ili safari ya maji iishie hapo.

Binadamu na umeme majini ni habari inayostahili kusomwa polepole. Watu wengi huamini maji ya bahari ndiyo hatari kwa sababu yana chumvi na yanapitisha umeme. Katika maji ya mto na ziwa hatari ni kubwa zaidi. Bahari hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo mkondo unaovuja hupita zaidi kwenye maji na kumzunguka. Maji baridi hupitisha vibaya kuliko mwili, na mkondo unaotafuta njia huukuta mwili ndiyo njia ya mkato. Maziwa ya Bonde la Ufa kama Kivu, Edward na Tanganyika yana chumvichumvi kuliko mito, lakini bado yako upande wa maji baridi katika jambo hili. Na majini umeme hauhitaji kuua ili uue. Miliampia 10 hadi 20 za mkondo geu, ule wa jenereta, hukaza misuli mpaka mtu hawezi kuachia alichoshika. Nchi kavu hiyo ni hofu. Majini, kwa mtu anayehitaji kupumua kwa utaratibu na kushika mpira wa hewa kwa meno, ni kuzama.

Mkondo mnyofu wa betri haukazi misuli kwa nguvu ileile, na kanuni za kimataifa za umeme zinatofautisha aina hizi mbili. Ndani ya bwawa la kuogelea, mahali watu walipo, kanuni hizo huruhusu volti 12 tu za mkondo geu, au volti 30 za mkondo mnyofu. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea, si kwa wapiga mbizi wa kazi ambao wana miongozo yao, lakini kinaonyesha kwa nini betri mbili za lori, zenye volti 24, ni mahali pazuri pa kusimama: pa juu vya kutosha kwa waya, pa chini vya kutosha kwa mtu. Betri hizo zisiguse chuma cha boti kwa upande wowote, chanya wala hasi. Ikiwa saketi nzima inaelea bila kugusa chochote, mchubuko mmoja hauupi mkondo pa kurudia. Inahitajika michubuko miwili.

Jenereta ndogo, ile inayoitwa «groupe» na watu wa Butembo na Beni, ina mtego wake. Kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampia 30, hufanya kazi kwa kulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Jenereta nyingi za kubebeka hazijaunganishwa na ardhi, kwa hiyo kifaa hicho kinaweza kukaa kimya kwenye hitilafu ya kwanza na kumpa mwenye boti imani isiyo na msingi. Anayelazimika kutumia jenereta hufanya vema kuitumia kuchaji betri, na kumpelekea mpiga mbizi umeme wa betri tu. Kuna sababu nyingine isiyohusu umeme. Mpiga mbizi wa mpira hupumua hewa inayovutwa na kompresa iliyo juu, na injini nyingine ya petroli ikiunguruma kando ya mdomo wa kompresa, moshi wake unateremka hadi kwenye mapafu ya mtu asiyeweza kuunusa mpaka amechelewa.

Kupeleka umeme majini kwa waya si wazo la jana. Mfaransa Louis Boutan, aliyepiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, alitumia taa ya spiriti iliyofungiwa pamoja na hewa ya oksijeni, akiipulizia unga wa magnesiamu ili imulike kwa mkupuo. Kabla karne haijaisha alikuwa amehamia kwenye taa za umeme. Mfano mkubwa zaidi ni wa Wamarekani William Beebe na Otis Barton, walioteremka baharini Bermuda ndani ya tufe la chuma lililoning'inia kwenye kamba ya chuma. Tarehe 15 Agosti 1934 walifika mita 923. Umeme wa taa yao ya kumulika nje ya dirisha, pamoja na simu waliyozungumzia na watu wa juu, vilipita kwenye mpira mmoja ulioingia tufeni kupitia shingo ya kubana. Katika majaribio ya mwaka 1930 shinikizo la bahari lilisukuma futi kadhaa za mpira huo hadi ndani ya tufe. Fundi aliyewahi kukuta kebo imejisukumia ndani ya taa yake ya mita 30 yuko kwenye ukoo mmoja na wakuu hao.

Siku hizi taa ya waya imebaki hasa kwa watu ambao tayari wamefungwa kwa juu. Mpiga mbizi wa kazi, mwenye kofia nzima ya chuma au ya nyuzi za kioo, hushuka na fungu la mipira na nyaya lililofungwa pamoja: mpira wa hewa, mpira mwembamba wa kupimia kina, waya wa simu, kamba ya kumvutia, na waya wa taa na kamera. Kwake waya wa taa hauongezi usumbufu wowote, kwani hata bila huo asingeweza kwenda asipofika mpira wa hewa. Kwa mpiga mbizi mwenye mtungi mgongoni, anayezunguka huru, waya huohuo ni kitanzi. Tofauti hii ndiyo inayoamua, kuliko wati au bei. Roboti za kazi nzito za kwenye visima vya mafuta baharini hupelekewa maelfu ya volti kwa kebo moja, na hakuna anayeogopa, kwa kuwa hazina mapafu.

Katika misitu ya magharibi ya Beni na kuendelea hadi mto Ituri, unaoitwa Aruwimi baada ya kukutana na Nepoko, na pia kwenye mto Ulindi huko Shabunda, Kivu Kusini, ambako homa ya dhahabu ilipanda kuanzia 2013, wapo watu waliofungwa kwa juu namna hiyo bila kofia wala simu. Ni wapiga mbizi wa dhahabu. Juu ya mtumbwi au jukwaa la mbao kuna injini mbili: moja inafyonza kokoto na mchanga, nyingine inasukuma hewa. Chini kuna mtu mwenye mpira wa hewa mdomoni, akiuongoza mdomo wa bomba la kufyonza. Ungetarajia watu hawa ndio wangefaidika zaidi na taa ya waya. Ukweli ni kinyume. Mto unaochimbwa ni tope, na tope haliangaziki. Dereva aliyewahi kuwasha taa kubwa kwenye ukungu wa barabara ya Lubero anajua kinachotokea: mwanga wote unamrudia usoni, barabara inapotea kabisa, na taa ndogo inasaidia kuliko kubwa. Majini punje za udongo hufanya kazi ya ukungu. Wati mia zikifungwa kwenye paji la uso humpa mtu ukuta wa rangi ya chai ya maziwa sentimita 20 mbele yake. Ndiyo maana wapiga mbizi hao hufanya kazi kwa vidole.

Pale ambapo maji si tope kabisa, ni ya ukungu tu, taa ya waya ina faida ambayo tochi ya kofia haina. Inaweza kutenganishwa na macho. Ukiiteremsha kwa kamba yake mita moja au mbili kando ya kazi, mwanga huingia ubavuni, punje zilizo kati ya jicho na kitu hazimulikwi, na ghafla chuma kinaonekana. Mpiga picha wa majini anaijua siri hii. Msafishaji wa lango la bwawa angeitumia bila gharama, kwa kuning'iniza taa kutoka ukutani badala ya kuivaa.

Taa za kuteremshwa bila mtu kando yake zina historia ndefu katika uvuvi. Samaki mdogo wa Tanganyika, Limnothrissa, alipelekwa ziwa Kivu mwaka 1959, ambako anaitwa sambaza, na mwaka 1967 na 1968 akapelekwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako anaitwa kapenta. Usiku hufuata mwanga. Wavuvi wa Kivu humulika kutoka juu ya maji, kwenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Kariba, kwenye majukwaa yenye jenereta, hutumika pia taa inayoshushwa majini kwa waya, samaki wakakusanyika kuizunguka juu ya wavu. Waya wa taa hizo ni mfupi na hakuna mtu majini, kwa hiyo mengi ya hapo juu hayawasumbui, isipokuwa shingo inayovuja.

Mkondo wa maji ndio unaoshinda taa ya waya pale ambapo hesabu ya volti imeshinda. Mwaka 2019 gari lililoporomoka kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, lilichukua karibu wiki mbili kabla ya kutolewa kwenye kina cha mita 58. Kwenye mlango ule maji ya kupwa na kujaa hukimbia, na kebo ya mita 80 iliyotandazwa kwenye maji yanayokimbia hujaa upinde kama tanga na kumvuta aliyeishika. Ukinenepesha waya ili upunguze hasara ya volti, unaongeza eneo ambalo maji yanalisukuma. Ukiupunguza unene, unarudi kwenye volti za juu. Kwenye maji ya namna hiyo tochi mbili za betri, moja ikiwaka na nyingine akiba, ndizo zinazotumika.

Kebo iliyonunuliwa vizuri huharibiwa zaidi boti inaporudi kuliko majini. Ikizungushwa mkononi kama kamba ya kawaida, kila mzunguko huisokota mara moja, na siku ya pili hushuka ikiwa imejaa vifundo. Mabaharia huilaza sakafuni kwa umbo la nane, ili msokoto wa upande mmoja ufute wa upande wa pili. Kabla ya kushushwa tena hupitishwa polepole ndani ya kiganja, mwanzo hadi mwisho, macho yakifuata. Kidole huhisi mchubuko ambao jicho halioni. Iliyochubuka haizungushiwi gundi ya karatasi na kurudishwa majini. Hukatwa hapo, ikawa kebo mbili fupi. Taa nayo huwashwa juu kwa sekunde chache tu kuhakikisha inawaka, kwa sababu LED ya majini imepangwa ipozwe na maji, na ikiachwa ikiwaka kwenye jua la saa saba mchana juu ya boti inaweza kujiunguza kabla haijaiona kazi. Anayezama ndiye anayekuwa wa mwisho kuishika, baada ya kusikia kutoka juu kwamba imeunganishwa, na hutoka nayo ikiwa imezimwa kwanza.